Uvimbe wa Ubongo Wenye Sura Mbili: Sampuli ya Mgonjwa Isipotee

Katika majibu ya maabara ya wagonjwa waliopasuliwa uvimbe wa ubongo, mara chache huonekana neno moja linalozua maswali mengi kuliko majibu: «mchanganyiko». Mgonjwa akilisoma hudhani kwamba ana saratani mbili kichwani kwa mpigo, na kwamba mwisho umefika. Mhudumu wa afya akilisoma aweza kudhani kwamba jibu limekamilika, akaliweka jaladani na kuendelea na kazi nyingine. Dhana zote mbili zina hatari. Ya kwanza humfanya mgonjwa akate tamaa kabla ya wakati. Ya pili huweza kumkosesha tiba ambayo ingemwongezea miaka.

Makala hii inatetea jambo moja. Uvimbe wa ubongo wenye seli za aina zaidi ya moja ni nadra, na vipimo vya kuutambua kikamilifu havipatikani kila mahali. Lakini kile kinachohitajika kwanza, yaani kipande cha nyama kilichotolewa kwa upasuaji, kikahifadhiwa vyema na kisipotezwe, kimo ndani ya uwezo wa kila hospitali inayopasua. Kipande hicho kinapoharibika, anayeumia zaidi ni mgonjwa aliyetoka mbali, kwa kuwa hana njia rahisi ya kurudi kutolewa kingine.

Kutoka milimani hadi chumba cha upasuaji

Kata ya Zirai imo katika Usambara ya Mashariki, wilayani Muheza, upande wa misitu na mashamba ya chai ya Amani. Lushoto imo katika Usambara ya Magharibi, na bonde la Lwengera ndilo linaloitenga milima hiyo miwili. Pande zote mbili watu hulima kwenye miteremko, na pande zote mbili mgonjwa wa kichwa huanzia mahali pamoja: zahanati.

Mkulima wa makamo anapoanza kuumwa kichwa kila alfajiri, kutapika pasipo homa, kupungukiwa nguvu za mkono mmoja, au kuanguka kifafa kwa mara ya kwanza maishani, mambo mengi hufikiriwa kabla ya uvimbe. Malaria hufikiriwa, na ni haki ifikiriwe, kwani Muheza inajulikana kwa malaria tangu zamani. Shinikizo la damu hufikiriwa. Nyumbani, jamaa huulizana kama huu ni ugonjwa wa Mungu au ni mkono wa mtu. Hivyo wiki hugeuka miezi.

Dalili zikitambuliwa, mgonjwa wa Zirai hushuka Muheza, kisha hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, mjini Tanga. Wa Lushoto huanzia hospitali ya wilaya au Bumbuli, hushuka barabara yenye kona nyingi hadi Mombo, ndipo ashike barabara kuu. Katika miaka ya karibuni mashine za CT zimefikishwa katika hospitali za rufaa za mikoa, nayo ni hatua kubwa. Hata hivyo, upasuaji wa ubongo aghalabu hufanyika mbali zaidi, hasa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Na mgonjwa anayehitaji mionzi huelekezwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, jijini humo humo. Kila kituo cha safari hiyo kina nauli yake, malazi yake, chakula cha msindikizaji, na siku za shamba zisizolimwa. Familia nyingi huuza mfugo au kipande cha ardhi kabla mgonjwa hajalala juu ya meza ya upasuaji.

Hapo ndipo uzito wa sampuli unapoonekana. Picha ya CT huonyesha kwamba kuna kitu ndani ya ubongo; mara nyingi haitoshi kusema kitu hicho ni nini. Katika Afrika Mashariki donge la ubongo laweza kuwa kifua kikuu cha ubongo, mabuu ya tegu wa nguruwe, maambukizi ya toksoplazima kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, limfoma, saratani iliyotoka titi au pafu, au uvimbe ulioanzia ubongoni penyewe. Tiba ya kila kimoja ni mbali na tiba ya kingine. Kipande cha nyama kikichunguzwa kwa darubini ndicho hutoa jina kwa uhakika zaidi. Na pale uvimbe unapokuwa na sura mbili, hata darubini peke yake yaweza isitoshe.

Neno moja, maana nyingi

Neno «mchanganyiko» hutumika kwa magonjwa yasiyofanana, na ni vyema yatenganishwe.

La kwanza ni gliosakoma. Huu ni uvimbe mkali ambao chini ya darubini una sehemu mbili: sehemu moja ni glioblastoma, yaani saratani ya seli zinazotegemeza seli za neva, na sehemu nyingine inafanana na sakoma, saratani ya tishu unganishi kama zile za misuli na mifupa. Heinrich Stroebe wa Ujerumani aliueleza mwaka 1895, na mwaka 1955 Irwin Feigin na wenzake wa Marekani wakaufafanua zaidi. Ni takriban asilimia 2 tu ya glioblastoma zote. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba ni saratani mbili zilizokutana, ya pili ikizaliwa na mishipa ya damu ya ile ya kwanza. Uchunguzi wa jeni ukaja kuonyesha vingine: sehemu zote mbili hubeba kasoro zilezile za jeni. Kumbe ni saratani moja iliyovaa sura mbili. Ndiyo maana katika uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 gliosakoma inahesabiwa kuwa namna mojawapo ya glioblastoma, na hutibiwa kwa njia ileile ya upasuaji, mionzi na dawa ya temozolomaidi. Yapo hata hivyo mambo mawili ya kukumbukwa. Gliosakoma yaweza kuwa ngumu na yenye mipaka dhahiri, ikafanana na meninjioma, uvimbe wa utando wa ubongo ambao mara nyingi si saratani. Tena huenea nje ya ubongo mara nyingi kuliko glioblastoma ya kawaida, hususan kwenye mapafu. Kikohozi cha mgonjwa wa namna hiyo kisichukuliwe moja kwa moja kuwa kifua kikuu, wala kisipuuzwe.

La pili ni lile lililoitwa oligoastrositoma. Ubongo una seli zenye umbo la nyota, ziitwazo astrositi, na seli zinazozungushia nyuzi za neva utando wa mafuta, ziitwazo oligodendrositi. Uvimbe ulioonekana kuwa na seli za sura zote mbili ulipewa jina la mchanganyiko. Tatizo ni kwamba wataalamu wawili walipotazama slaidi moja, mara nyingi hawakuafikiana: mmoja aliona mchanganyiko, mwingine akaona aina moja tu. Mwaka 2014 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walionyesha kwamba uvimbe huo ukipimwa jeni huangukia upande mmoja au mwingine. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 ukashauri jina hilo liepukwe pale vipimo vinapopatikana, na ule wa mwaka 2021 ukaliacha.

La tatu ni ganglioglioma, mseto wa seli za neva na seli za glia. Huu, aghalabu, si saratani kali hata kidogo. Hukua polepole, huwapata zaidi watoto na vijana, na dalili yake kubwa ni kifafa kisichotulia kwa dawa. Ukiondolewa wote kwa upasuaji, wagonjwa wengi hupona. Katika jamii ambamo kijana mwenye kifafa bado hufichwa au kutengwa, ni dhuluma kubwa kwa mwenye uvimbe wa aina hii kuishi miaka mingi bila kupigwa picha ya ubongo hata mara moja.

La nne ni mgongano wa kweli: magonjwa mawili yaliyokutana mahali pamoja. Meninjioma na glioma huweza kukua kwa kupakana; na saratani ya titi au ya pafu huweza kusafiri kwa damu ikatua ndani ya meninjioma iliyokuwapo tangu zamani. Haya ni nadra mno. Hata hivyo, mwanamke aliyewahi kutibiwa saratani ya titi akipata uvimbe wa utando wa ubongo, mpasuaji na mtaalamu wa patholojia hawana budi kujulishwa historia hiyo. Isipoandikwa kwenye fomu, hakuna darubini itakayoikumbusha.

Majina manne, basi, na maana nne: moja ni saratani kali yenye sura mbili, jingine ni jina la zamani lililositiri magonjwa mawili tofauti, jingine huenda likapona kwa kisu, na jingine ni magonjwa mawili kweli. Karatasi inayoishia kwenye neno «mchanganyiko» haijamwambia mgonjwa ni lipi kati ya hayo.

Jina hupima miaka

Watu wengine watauliza kama jina lina faida yoyote kwa mtu aliye kitandani. Jibu liko katika utafiti uliofanywa Marekani na Canada, unaojulikana kama RTOG 9402, uliohusisha wagonjwa 291 wenye oligodendroglioma au oligoastrositoma za daraja la 3. Baadhi walipewa mionzi peke yake. Wengine walipewa pia dawa tatu, yaani prokabazini, lomustini na vinkristini. Matokeo ya muda mrefu yalichapishwa mwaka 2013. Wale ambao uvimbe wao ulikuwa umepoteza kwa pamoja mkono mfupi wa kromosomu ya 1 na mkono mrefu wa kromosomu ya 19, ambayo ndiyo alama ya oligodendroglioma, waliishi kwa wastani wa kati miaka 14.7 walipopewa dawa pamoja na mionzi, na miaka 7.3 walipopewa mionzi peke yake. Wale ambao uvimbe wao haukuwa na alama hiyo waliishi miaka 2.6 na miaka 2.7, kwa wastani huo, dawa hazikuwaongezea muda.

Takwimu hizo zisomwe taratibu. Wagonjwa wawili wangeweza kupokea karatasi zenye neno lilelile, «mchanganyiko», ilhali mmoja ana nafasi ya kuwaona watoto wake wakimaliza shule na mwingine anahitaji kupanga mambo yake mapema. Hawakutenganishwa na picha, wala na umri, wala na maombi ya jamaa zao. Walitenganishwa na kipimo kilichofanywa kwenye kipande cha nyama kilichohifadhiwa.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake wa zamani juu ya nguvu ya jina. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, akifanya kazi Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya za watoto, akauita sakoma. Wataalamu wa patholojia walioutazama kwa darubini pale Kampala, miongoni mwao Gregory O'Conor, wakabaini kwamba ni limfoma. Tofauti hiyo haikuwa ya maneno tu. Sakoma ilikuwa kazi ya kisu, na kisu kiliharibu nyuso za watoto bila kuwaponya. Limfoma iliweza kuitikia dawa, na baadhi ya watoto waliopewa dawa walipona. Limfoma ya Burkitt ilitambuliwa kwa sampuli za watoto wa eneo hili, zilizohifadhiwa na kutazamwa kwa makini katika maabara ya eneo hili.

Milima ya Usambara nayo ina mfano wake, ingawa ni wa mimea. Ua la Usambara, linalopandwa leo kwenye vyungu vya madirishani duniani kote, lilipewa jina la kisayansi la Saintpaulia mwaka 1893, kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani aliyelipeleka Ulaya. Kwa zaidi ya karne moja lilihesabiwa kuwa kundi peke yake. Kisha uchunguzi wa DNA ukaonyesha kwamba limo ndani ya kundi la Streptocarpus, nalo likahamishiwa huko. Ua lenyewe halikubadilika hata petali moja. Kilichobadilika ni ujuzi. Wataalamu wa mimea wanaujua umuhimu wa kielelezo kilichokaushwa na kuandikwa mahali kilipochumwa, na kazi hiyo ilifanywa pale Amani tangu kituo cha utafiti kilipoanzishwa mwaka 1902. Mgonjwa astahili uangalifu usiopungua ule liliopewa ua.

Sampuli huharibikia wapi

Kipande cha nyama ya ubongo hutolewa mara moja, kwa hatari na kwa gharama kubwa. Njia za kukipoteza ni za kawaida mno, na ndiyo sababu hazizungumzwi.

Huharibika kikiwekwa katika maji ya chumvi au spiriti badala ya formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi yake. Huharibika kikiachwa juu ya meza kikakauka, au kikitiwa katika kichupa kidogo chenye formalini isiyokifunika. Kanuni inayofaa ni ujazo wa formalini usiopungua mara 10 ya ujazo wa nyama. Huharibika pia kikikaa katika formalini wiki nyingi kikisubiri usafiri, kwa kuwa DNA humomonyoka, na kipimo cha jeni kikija kufanywa baadaye hakitoi jibu.

Kwa uvimbe wenye sura mbili ipo hatari nyingine: udogo wa kipande. Sindano ikichukua upande mmoja tu, jibu litakuwa la upande huo. Kipande cha sehemu ya sakoma kikisomwa peke yake huweza kuitwa jina lisilohusiana na ubongo. Cha sehemu iliyo tulivu huweza kumfariji mgonjwa pasipo haki. Kwa hiyo, pale inapowezekana bila kumdhuru mgonjwa, vipande vichukuliwe kutoka sehemu zaidi ya moja na kila kimoja kiandikwe mahali kilipotoka. Fomu iandikwe umri, dalili na muda wake, picha imeonyesha nini, saratani yoyote ya zamani, hali ya virusi vya UKIMWI, na dawa alizotumia. Fomu iliyoandikwa neno moja tu, «uvimbe», humlazimisha mtaalamu wa patholojia kubahatisha.

Hadhari moja yahusu deksamethasoni. Dawa hii hupunguza uvimbe wa maji kuzunguka donge na huokoa maisha pale shinikizo ndani ya fuvu linapopanda. Katika hatari ya namna hiyo isicheleweshwe. Lakini limfoma ya ubongo huweza kunyauka kwa dawa hiyo ndani ya siku chache, na sampuli itakayochukuliwa baadaye isionyeshe kitu. Palipo na shaka ya limfoma na mgonjwa akiwa ametulia, ni busara kushauriana kwanza na watakaopasua. Kadhalika, mgonjwa mwenye dalili za donge la ubongo asitolewe maji ya uti wa mgongo kabla ya kupigwa picha, kwani kufanya hivyo kwaweza kumuua.

Baada ya kuchunguzwa, nyama hubaki imeganda ndani ya kipande cha nta. Hiki ndicho kitu chenye thamani kuliko vyote, na ndicho hupotea kwa urahisi kuliko vyote. Kikitunzwa mahali pakavu penye ubaridi wa kadiri, hudumu kwa miaka mingi. Chaweza kukatwa tena, kupakwa rangi mpya, kutumwa katika maabara nyingine, au kungoja kipimo ambacho leo hakijafika. Anayekitunza amemwachia mgonjwa mlango wazi.

Majibu kwa wanaopinga

Pingamizi la kwanza ni gharama. Husemwa kwamba nchi yenye malaria, vifo vya uzazi na utapiamlo haina nafasi ya kufuatilia jeni za uvimbe wa nadra. Hoja hii ina uzito, na haifai kujibiwa kwa maneno matamu. Lakini sehemu kubwa ya yaliyoelezwa hapa haihitaji mashine mpya. Formalini, lebo, fomu iliyojazwa na kabati la kutunzia vipande vya nta si anasa. Hata hatua inayofuata si lazima iwe kipimo ghali cha kromosomu. Kwa kutumia rangi za kingamwili, mtaalamu huweza kutafuta protini iliyobadilika ya IDH1 na kuona kama protini ya ATRX imetoweka. Zote mbili zikionekana katika glioma ya mtu mzima, jibu huwa astrositoma, na kipimo cha kromosomu hakihitajiki. Kwa njia hiyo kipimo ghali hubakizwa kwa wachache ambao kweli wanakihitaji.

Pingamizi la pili ni kwamba hata jina likijulikana, dawa huenda zisipatikane. Ni kweli kwamba si kila dawa hupatikana kila wakati. Lakini jina haliongezi dawa tu. Huzuia pia dawa zisizofaa. Mgonjwa ambaye uvimbe wake hautarajiwi kunufaika na dawa fulani huepushwa na kuuza shamba kwa ajili ya kuinunua. Na kwa glioblastoma, pamoja na gliosakoma, ukweli usemwe kwa upole: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kwa wagonjwa 573, temozolomaidi pamoja na mionzi iliinua muda wa kuishi kutoka miezi 12.1 hadi miezi 14.6, na waliokuwa hai baada ya miaka miwili wakawa asilimia 26.5 badala ya 10.4. Kwa familia moja faida hiyo ni kubwa. Kwa nyingine, inayopima gharama na umbali, huenda isiwe. Familia haiwezi kuamua kwa haki bila kujua inachoamua.

Pingamizi la tatu halisemwi kwa sauti: kwamba mgonjwa wa kijijini hataelewa, hivyo hakuna haja ya kumweleza. Hili ndilo dhaifu kuliko yote. Mkulima anayejua kutofautisha mbegu kwa kuitazama, na anayejua kwamba mimea miwili inayofanana majani yaweza kuwa na matunda tofauti, hashindwi kuelewa kwamba uvimbe mmoja waweza kuwa na seli za sura mbili. Inatosha muuguzi akae naye chini na kumwambia: «Mzee, uvimbe ni mmoja, si magonjwa mawili. Una seli za namna mbili, na wataalamu wanataka kujua ipi inaongoza ili wachague dawa. Nyama yako imetunzwa. Hutapasuliwa tena kwa ajili ya kipimo hicho.» Maneno hayo yabadilishwe kulingana na jibu lenyewe, lakini yasemwe.

Wajibu wa kila mmoja

Katika zahanati na vituo vya afya vya milimani, kazi kubwa ni kutochelewa. Kifafa kinachoanza ukubwani, maumivu ya kichwa yanayozidi alfajiri na kuandamana na kutapika, udhaifu wa upande mmoja, uoni unaofifia, au mtu mpole aliyebadilika tabia ghafla, ni sababu za kuandika rufaa hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha vimelea. Malaria itibiwe, na rufaa iandikwe vilevile.

Katika hospitali zinazopasua, jibu la patholojia lisiishie kwenye jina la sura. Liseme wazi ni vipimo gani vimefanyika na vipi havikufanyika, ili anayelisoma ajue kwamba bado kuna hatua. Jina «oligoastrositoma» likionekana katika jalada la mgonjwa aliye hai, hata la miaka kadhaa iliyopita, ni sababu ya kutafuta kipande chake cha nta na kukipima upya. Wataalamu wa patholojia nchini ni wachache, kwa hiyo ushauri wa mtaalamu wa pili, hata kwa picha za slaidi zilizotumwa mbali, uwe desturi na si aibu.

Vyuo vikuu vya afya navyo vina deni. Daktari mpasuaji hufundishwa kukata. Afundishwe pia kutunza alichokikata. Nayo mipango ya fedha isiliache jambo hili nje. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Katika kuitekeleza, uchunguzi wa patholojia uhesabiwe kuwa sehemu ya upasuaji wa uvimbe, wala usiwe huduma ya hiari ambayo ndugu huambiwa wakailipie dirisha jingine. Upasuaji wa uvimbe usiofuatwa na uchunguzi wa nyama ni kazi iliyoachwa katikati.

Wagonjwa na jamaa zao wana haki ya kuuliza maswali manne kabla ya kuondoka hospitalini. Nyama iliyotolewa imepelekwa maabara gani, na chini ya namba ipi? Jibu lilikuwa lipi, kwa maandishi? Kuna kipimo kilichopendekezwa ambacho hakijafanyika? Na kipande cha nta kimetunzwa wapi? Majibu yaandikwe kwenye karatasi moja, nakala ibaki nyumbani pamoja na picha za CT au MRI, na asiachiwe mtu mmoja tu kuyakumbuka. Kuuliza maswali hayo si kumkosea daktari heshima.

Pale ambapo jina limejulikana na tiba ya kuondoa uvimbe haipo au haikutakiwa, huduma haijakoma. Maumivu, degedege na kichefuchefu hutibika hadi mwisho, na Muheza yenyewe imekuwa na huduma ya tiba shufaa kwa miaka mingi. Mgonjwa wa Zirai hana sababu ya kufa kwa maumivu mbali na kwao. Naye pia anastahili kujua anaugua nini.

Uvimbe wa ubongo wenye sura mbili utaendelea kuwa nadra, na wahudumu wengi watamaliza utumishi wao bila kuuona. Lakini hakuna anayejua ni kichupa kipi, kati ya vyote vinavyopita mikononi mwake, kilicho nao. Kwa hiyo kila kichupa kijazwe formalini ya kutosha, kiandikwe jina, kiambatane na fomu iliyokamilika, na kifike maabara. Hayo yakifanyika kwa wote, wale wachache wenye uvimbe wa nadra watakuwa wamehudumiwa bila hata kujulikana mapema.